Kikohozi katikati ya sonata

MSOMAJI mpendwa, umewahi kuketi mahali penye kimya kikuu, kanisani, msikitini au kwenye mazishi, kisha koo likakuwasha mpaka machozi yakakulenga? Unabana mdomo, unameza mate, unajaribu kukohoa kwa ndani. Watu wa viti vya mbele wanageuza shingo. Hayo ndiyo yaliyompata bwana mmoja aliyeketi viti viwili kutoka kwangu, Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, katika ukumbi mdogo hapa Nairobi tulimokwenda kusikiliza muziki wa chelo na piano.

Kwa wale ambao hawajaiona, chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Ina nyuzi nne, na kwa sababu ya ukubwa wake haiwekwi begani. Mpigaji huketi kitini, akaishikilia kwa magoti, kisha akapitisha upinde juu ya nyuzi. Sauti yake haiko mbali na ya mwanamume anayezungumza polepole kutoka kifuani. Mimi si mwanamuziki, ni daktari wa magonjwa ya kila siku, lakini ala hii naipenda kwa kuwa inanikumbusha kazi yangu. Ni sanduku lenye hewa ndani, linalotetemeka, na ukilisikiliza vizuri unajua kama ni zima.

Jioni hiyo zilipigwa kazi tatu za karne ya 19, za aina iitwayo muziki wa chumbani kwa kuwa iliandikiwa watu wawili, watatu au wanne wakipiga sebuleni badala ya jukwaa la halaiki. Kwanza vilipigwa vipande vifupi alivyotunga Robert Schumann mwaka wa 1849, kisha sonata ya kwanza ya Johannes Brahms ya chelo na piano, aliyoimaliza mwaka wa 1865. Baada ya mapumziko ikaja sonata ya Chopin. (Schumann naye alikuwa na kisa chake. Alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, lakini alipokuwa na umri wa miaka 22 hivi kidole cha mkono wa kulia kilikataa kumtii, na chombo alichokitumia kukifanyia mazoezi hakikumsaidia. Mafundi wa cherehani na wapiga chapa wanaokuja kwangu na vidole vilivyokufa ganzi nitawaandikia siku nyingine.)

Bwana yule alianza kukohoa wakati wa Brahms. Sikulipia tikiti ili nisikilize vifua vya watu, lakini masikio ya daktari hayaachwi nyumbani. Kilikuwa kikohozi cha chini, chenye makohozi, kisichomaliza kazi yake. Wakati wa mapumziko nilimwona karibu na mlango akila peremende za koo, tai shingoni, koti limelegea mabegani kana kwamba lilishonewa mtu mnene kidogo kuliko yeye. Tulisalimiana na kujuana kazi zetu.

"Samahani kwa kuwasumbua, daktari," alisema. "Ni vumbi tu."

"Vumbi hilo limeanza lini, bwana?"

"Tangu mvua za Novemba."

Nikamtazama usoni nione kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Nilipomuuliza kama amewahi kupimwa kifua kikuu, alirudi nyuma hatua moja na kutazama huku na huku kama mtu aliyetukanwa hadharani. Akasema ugonjwa huo ni wa watu wa mitaa ya mabanda, yeye anaishi katika nyumba nzuri, ana gari na anakula vizuri. Kengele ikalia, tukarudi ndani kumsikiliza Chopin.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipotamani kumshika mkono na kumnong'oneza habari za mtu aliyeitunga sonata ile.

Paris, Februari 1848

Fryderyk Chopin alizaliwa Poland mwaka wa 1810, akafika Paris mwaka wa 1831. Hakuishi katika mabanda. Wanafunzi wake wa piano walikuwa mabinti na wake wa makabaila, na nyumba aliyofia ilikuwa katika uwanja wa Place Vendôme, mojawapo ya mahali pa fahari kuliko pote Paris. Karibu kazi zake zote ni za piano. Chelo aliipa nafasi hiyo kwa sababu ya rafiki yake wa miaka mingi, Auguste Franchomme, aliyekuwa mpiga chelo hodari. Sonata hiyo ilimhangaisha mno. Aliwaandikia jamaa zake kwamba mara inampendeza, mara anaitupa pembeni, kisha anaiokota tena. Ilichapishwa mwaka wa 1847, na miongoni mwa kazi zake zilizochapishwa angali hai hiyo ndiyo ya mwisho.

Tarehe 16 Februari 1848 marafiki hao wawili waliipiga mbele ya watu katika ukumbi wa Pleyel. Lilikuwa onyesho la mwisho la Chopin jijini Paris. Sehemu ya kwanza, ambayo ni ndefu kuliko nyingine zote, waliiacha, wakapiga tatu zilizobaki. Jioni hiyo hiyo Chopin alipiga pia kazi yake nyingine ya piano, na mpiga piano Charles Hallé, aliyekuwapo, alisimulia baadaye kwamba mahali palipoandikwa kupigwa kwa nguvu Chopin alipapiga kwa sauti ya chini kabisa, tena kwa namna ya kupendeza hivi kwamba msikilizaji alijiuliza ipi ni bora. Wasikilizaji waliona ufundi. Mimi ninaposoma habari hiyo namwona pia mgonjwa anayejua kiasi cha pumzi alichobakiwa nacho, na anayekitumia kwa hesabu.

Wiki moja baadaye mapinduzi yalizuka Paris na mfalme akaondoka. Chopin alikwenda Uingereza na Scotland, akarudi akiwa hoi, na tarehe 17 Oktoba 1849 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Dada yake Ludwika aliuchukua moyo wake hadi Warsaw ukiwa katika chupa ya kuhifadhia, na chupa hiyo imo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Mwaka wa 2014 wataalamu waliruhusiwa kuitazama bila kuifungua, na ripoti yao ikachapishwa mwaka wa 2017. Waliona dalili kwamba utando unaouzunguka moyo ulikuwa umeshambuliwa, pengine na kifua kikuu kilichotoka mapafuni. Wako madaktari waliodhani kwa miaka mingi kwamba alikuwa na ugonjwa mwingine wa mapafu, wa kurithi. Mimi naegemea upande wa kifua kikuu. Mdogo wake Emilia alikufa mwaka wa 1827 akiwa na miaka 14, akitema damu. Jan Matuszyński, rafiki yake tangu ujana aliyekuwa daktari na aliyeishi naye nyumba moja Paris, alikufa kwa ugonjwa huo huo mwaka wa 1842.

Kitanda cha kuchomwa moto

Kisa kinachonigusa zaidi, kwa kuwa nakiona kila mwezi katika chumba changu cha matibabu, ni cha kisiwa cha Majorca huko Uhispania. Chopin alikwenda huko mwezi wa Novemba 1838 pamoja na mwandishi George Sand na watoto wa mama huyo, wakitafuta jua. Wakapata mvua. Akaanza kukohoa damu. Madaktari watatu walimwona, naye akawaandikia rafiki zake barua ya kuwafanyia mzaha madaktari hao. Walitaka kumtoa damu kwa kumchanja, matibabu ya kawaida siku hizo, lakini Sand akakataa. Alifanya vyema.

Habari zikaenea kwamba mgeni ana ugonjwa wa kifua. Mwenye nyumba akawataka wahame, akadai walipe gharama za kupiga nyumba chokaa upya na kuisafisha. Wakahamia katika vyumba vya monasteri ya zamani iliyokuwa tupu, huko Valldemossa milimani, kwenye baridi kali. Waliporudi bara mwezi wa Februari 1839 walisafiri katika meli iliyobeba nguruwe. Huko Barcelona mwenye hoteli alidai walipie kitanda alicholalia Chopin, kwa kuwa ilibidi kichomwe moto.

Tusiwacheke watu wa Majorca upesi. Wakati huo madaktari wengi wa Paris waliamini kwamba kifua kikuu hakiambukizi, eti ni udhaifu unaorithiwa katika ukoo. Waliona baba, mama na watoto wakifa mmoja baada ya mwingine, wakadhani ni damu, kumbe ni hewa ya chumba kimoja. Wahispania walikuwa na sheria za kujikinga na ugonjwa huo, na katika hilo walikuwa mbele ya Wafaransa. Ni mwaka wa 1865 tu ambapo daktari Mfaransa Villemin alionyesha, kwa kutumia sungura, kwamba ugonjwa huu hupitishwa kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, na tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch akatangaza jijini Berlin kwamba amekiona kiini chenyewe.

Lakini kitanda hakikuwa na hatia. Kifua kikuu cha mapafu huenezwa kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza tiba akikohoa, akipiga chafya, akiimba au akizungumza kwa nguvu, hutoa chembe ndogo sana zinazoelea, na anayezivuta ndani ya chumba kisicho na hewa safi anaweza kuambukizwa. Hupati TB kwa kulalia shuka, kusalimiana kwa mkono, wala kunywea kikombe kimoja na mgonjwa. Hata hivyo hadi leo nawaona wagonjwa waliotengewa kikombe, sahani na kijiko, huku wakilala na watoto wanne katika chumba ambacho dirisha limepigwa misumari lisifunguke. Tumeshika kosa la Majorca na la Paris kwa pamoja.

Wala si kila anayevuta viini hivyo huugua. George Sand aliishi na Chopin miaka ipatayo tisa, akamuuguza usiku na mchana, na alifariki mwaka wa 1876 akiwa na umri wa miaka 71. Franchomme aliishi hadi mwaka wa 1884. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote ulimwenguni wameambukizwa viini vya TB, lakini walio wengi hawaugui, kwa kuwa mwili huvifungia viini vikalala. Huamka kinga ikishuka, kwa mfano kwa virusi vya Ukimwi, kisukari, njaa au ulevi wa kupindukia. Watoto wadogo ndio huugua upesi kuliko wote.

Mrija wa mbao

Ajabu ni kwamba jiji lile lile lilikuwa na chombo cha kumsaidia. Mwaka wa 1816 daktari René Laennec, aliyefanya kazi katika hospitali ya Necker jijini Paris, alikunja karatasi ikawa kama bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa bila kuweka sikio kifuani pake. Baadaye akachonga mrija wa mbao. Laennec alikuwa mpiga filimbi, na sidhani ni bahati tu kwamba mtu wa filimbi ndiye aliyefikiria kusikiliza hewa kupitia kwenye mrija. Hiyo ndiyo stethoskopu, babu wa mipira tunayoivaa shingoni. Kwa mrija huo alieleza kwa usahihi mkubwa jinsi pafu lenye kifua kikuu linavyolia. Mwaka wa 1826, akiwa na miaka 45, kifua kikuu kikamuua yeye mwenyewe. Mpwa wake, daktari pia, alikuwa amemsikiliza kifua kwa chombo hicho hicho na kuutambua ugonjwa.

Waliweza kuusikia ugonjwa, basi. Dawa ndiyo iliyokosekana, na ilikosekana kwa zaidi ya miaka 100. Huyo Chopin alipewa nini? Matone ya afyuni juu ya sukari, apate kutulia.

Jambo moja katika habari hizi huniudhi. Watu wa karne ile walianza kuuona ugonjwa huu kama pambo. Uso mweupe, macho yanayong'aa kwa homa, mwili mwembamba, vyote vikahesabiwa kuwa dalili za roho nyororo na kipaji. Mwaka ule ule wa 1848 Alexandre Dumas mdogo alichapisha riwaya ya mrembo anayekufa kwa kifua kikuu, na mwaka wa 1853 Verdi akaigeuza hadithi hiyo kuwa opera, La traviata. Hata leo utasoma maelezo ya maonyesho yakidokeza kwamba Chopin alitunga vizuri kwa kuwa alikuwa akifa. La hasha! Nimewaona wagonjwa wa TB iliyokomaa. Hulowa jasho usiku, hushindwa kupanda ngazi mbili, hutapika kwa kukohoa. Mtu hutunga muziki licha ya hayo. Sonata ile ina sehemu ya tatu, ya polepole, fupi kupita zote, ambayo chelo na piano hupokezana wimbo mmoja kama watu wawili wanaomaliziana maneno. Ugonjwa haukuiandika. Ugonjwa ulitunyima nyingine ambazo angeziandika akiwa na miaka 50.

Ni katika sehemu hiyo hiyo ya polepole kwamba bwana wangu alishindwa. Aliinama, kitambaa mdomoni, akatoka nje upesi. Wapo waliofyonza meno.

Nilimkuta kwenye maegesho baada ya onyesho. Nilimweleza kwa kifupi ninayokueleza wewe. Kikohozi kinachozidi wiki 2 si cha kununuliwa dawa za kutuliza koo. Kikiandamana na jasho la usiku, homa za jioni, kukonda, maumivu ya kifua au damu katika makohozi, usingoje hata hizo wiki 2. Mwenye virusi vya Ukimwi asingoje kamwe, hata kama ni kikohozi cha siku moja. Nilimwambia pia kwamba hospitali na vituo vya afya vya serikali hupima TB na kutoa dawa bila malipo. Unatema makohozi ya kutoka ndani ya kifua, si mate, katika kikopo. Mashine ya GeneXpert ikiwapo, huweza kutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na pia huonyesha kama viini vimezoea rifampicin, mojawapo ya dawa kuu.

Tiba ya kawaida ni ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa 4, na miezi 4 inayofuata humeza 2. Wazee wetu walitibiwa mwaka mmoja na nusu, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya sindano. Kwamba miezi 6 yatosha ilithibitishwa, miongoni mwa mahali pengine, papa hapa kwetu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza ulichapishwa mwaka wa 1972, na ulibadilisha tiba ya TB ulimwenguni. Sijui ni kwa nini hatujivunii jambo hilo jinsi tunavyojivunia wanariadha.

Shida ni kwamba mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, kikohozi kikapungua, uzito ukarudi, akaziacha dawa. Viini vilivyosalia hujifunza, na tiba ya TB sugu ni ngumu zaidi. Meza mpaka tembe ya mwisho. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, au miguu inachoma na kufa ganzi, rudi kwa daktari, usiache dawa kimyakimya. Wale unaoishi nao nyumba moja wapimwe wote, hasa watoto, kwani wasioumwa wanaweza kupewa dawa za kuwakinga. Nyumbani fungua madirisha. Na katika matatu, abiria mwenzangu, fungua hilo dirisha hata kama bibi wa kiti cha nyuma atalalamika baridi.

Bwana yule ameniruhusu kuandika habari zake mradi nisimtaje jina. Alikwenda kupimwa siku ya Jumatano, baada ya mkewe, niliyempa nambari yangu ya simu pale kwenye maegesho, kumwambia kwamba hatampikia mpaka aende. Ilikuwa TB, na dawa za kawaida zinaweza kuitibu. Mkewe na mabinti wao wawili walipimwa. Mmoja wa mabinti anatumia dawa za kinga.

Siku ya pili ya tiba alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti inatetemeka, kuniarifu kwamba anakojoa damu. Ilikuwa kosa langu, sikumtahadharisha. Rifampicin huugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, hata nyekundu, na haina madhara. Nilimwambia anywe chai yake kwa amani.

Wiki ya tano alikuja kwangu, kilo 3 zimerudi, koti limeanza kumkaa. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kwenda kwenye onyesho la mwezi uliofuata, ambako wapigaji wale wale wangeirudia sonata ya Chopin, au kama itambidi kuketi nyuma kabisa, peke yake, karibu na mlango. Mtu anayemeza dawa zake sawasawa, na ambazo zinamfaa, kwa kawaida huacha kuwa hatari kwa wengine baada ya wiki 2 hivi, na yeye alikuwa amepita hapo zamani. Nilimwambia akate tikiti ya mbele.

Alikata mbili. Ile ya pili ni yangu, na mkewe ameahidi kuja na peremende.